Mwongozo kamili wa kupata msaada wa kisheria bila malipo Arusha na Moshi

Watu wengi wakipata kesi huanza kwa kuuliza, "Wakili nitamlipa nini?" Swali hilo linaweza kusubiri siku mbili tatu. La kuuliza kwanza ni hili: nina siku ngapi zilizobaki? Mnyonge anaweza kupata mtu wa kumsaidia bure mjini Arusha au Moshi. Muda wa kisheria ukishapita, hata wakili wa mamilioni ataanza kwa kuomba radhi mahakamani.

Mwongozo huu unafuata mpangilio huo: tarehe, mlango sahihi, karatasi, kisha mtu wa kukusaidia. Nimeuandikia mtu wa Unga Ltd., Ngaramtoni, Pasua au Kibosho ambaye hana wakili wala ndugu aliyesoma sheria.

Sheria inasemaje

Tanzania Bara ina Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Kabla yake kulikuwa na sheria ya mwaka 1969 iliyohusu kesi za jinai tu, nayo ikafutwa. Sheria ya sasa inagusa jinai na madai, na imewatambua rasmi wasaidizi wa kisheria, yaani watu wa mtaani na vijijini waliopata mafunzo ya sheria bila kuwa mawakili. Kuna Msajili wa watoa huduma hizo chini ya Wizara ya Katiba na Sheria, na wasajili wasaidizi mikoani na wilayani.

Asiye na uwezo ni mtu ambaye kipato chake hakitoshi kumlipa wakili wa kujitegemea, pamoja na wengine ambao haki inadai wasaidiwe. Tafsiri hiyo haikutaja kiasi cha mshahara. Kwa hiyo usijiondoe mwenyewe kwenye foleni eti kwa sababu una kibanda soko la Kilombero au unaendesha bodaboda ya mkataba. Eleza hali yako ilivyo, wao ndio waamue.

Hatua ya kwanza: hesabu siku zako

Chukua karatasi, andika tarehe jambo lilipotokea au hukumu iliposomwa, halafu linganisha na haya.

Umeachishwa kazi isivyo halali? Una siku 30 tu kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo watu wengi huiita CMA. Malalamiko mengine ya kazi yana siku 60. Hapa ndipo wafanyakazi wa hoteli, kampuni za utalii na mashamba ya maua wanapoumia zaidi, kwa sababu bosi huwaambia "subiri msimu ukianza tutakuita", na wao wanasubiri. Subira hiyo inakula siku zako. Fomu ya kufungua mgogoro ni CMA F1. Kuifungua hakuna ada, na unaweza kuijaza bila wakili.

Umeshindwa mahakama ya mwanzo? Una siku 30 kukata rufaa mahakama ya wilaya. Ukishindwa na huko, una siku 30 nyingine kwenda Mahakama Kuu. Kwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, rufaa kwenda Mahakama Kuu ni siku 45. Uamuzi wa CMA unapingwa ndani ya wiki sita, Mahakama Kuu Divisheni ya Kazi.

Kwa jinai iliyosikilizwa mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi kuna mtego wa hatua mbili: notisi ya kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 10, kisha rufaa yenyewe ndani ya siku 45. Aliyefungwa anaweza kutoa notisi kupitia gerezani. Ndugu wa mfungwa, wiki hiyo ya kwanza nendeni mkamwulize kama ameshaiweka. Msiishie kumpelekea sabuni.

Madai ya kurudishiwa ardhi yana ukomo wa miaka 12. Aliyehamisha mpaka wa kihamba chako, yaani shamba la ukoo, mwaka 2010 na wewe ukanyamaza kwa heshima ya ukoo, ujue ukimya huo una bei.

Na kama siku zimeshapita? Kuna maombi ya kuongezewa muda, lakini utatakiwa kueleza sababu ya kuchelewa, na mahakama hupenda kusikia maelezo ya kila siku iliyopotea. "Sikuwa na hela ya wakili" peke yake huwa haitoshi. Ulikuwa unasubiri nakala ya hukumu? Hiyo inaweza kukuokoa, mradi uliiomba kwa maandishi. Kwa hiyo siku hukumu inaposomwa, hiyohiyo au kesho yake, peleka barua ya kuomba nakala ya hukumu na mwenendo wa shauri, na nakala yako igongwe muhuri wa mapokezi. Muhuri huo utunze kama hati ya kiwanja.

Hatua ya pili: jua mlango wa kuanzia

Mtu anaweza kuzunguka mwezi mzima kati ya mwenyekiti wa mtaa, polisi na mahakama kwa sababu hakuna aliyemwambia pa kuanzia. Yanayojitokeza sana huku kwetu ni haya.

Ardhi. Kwa mgogoro wa kihamba au kiwanja, anza Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya mwaka 2021, baraza hilo halitoi tena hukumu ya ardhi. Kazi yake ni kusuluhisha, na likishindwa linatoa cheti cha kuthibitisha hivyo. Bila kupitia hapo, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halitakusikiliza. Zikipita siku 30 kata haijafanya usuluhishi, unaruhusiwa kusonga mbele. Kama bado kuna mjumbe wa baraza la kata anayekuambia "tumeshakuhukumu, toka shambani", mwambie kwa adabu kwamba mamlaka hayo yameondoka.

Kwenye vihamba vya Kilimanjaro, mashahidi wazuri ni masale, ile mimea ya kuwekea mipaka, yaliyopandwa mpakani na wazee waliokuwepo yakipandwa. Piga picha za masale kabla hayajang'olewa. Andika majina ya wazee, nani alikuwa na nani, mwaka gani. Hati hamna, hivyo ushahidi wa namna hii ndio kesi yenyewe. Mzee mwenye kumbukumbu akishafariki, msaada wa kisheria hauwezi kumrudisha.

Ndoa. Huwezi kufungua kesi ya talaka bila kupitia baraza la usuluhishi wa ndoa: la kata, la BAKWATA, la kanisa au la ustawi wa jamii. Likishindwa kuwapatanisha linatoa cheti. Cheti hicho kiwe hakijapita miezi sita unapofungua shauri. Wapo kina mama wanaokaa nacho mwaka mzima wakingoja mume abadilike, halafu wanarudishwa kuanza upya.

Matunzo ya mtoto ni jambo jingine kabisa, wala halihitaji talaka wala ndoa. Anzia kwa afisa ustawi wa jamii wa kata au halmashauri. Kukiwa na kipigo, nenda Dawati la Jinsia na Watoto la kituo cha polisi. Namba 116 ni ya simu ya huduma kwa mtoto, nayo ni bure.

Mirathi. Nyingi huanzia mahakama ya mwanzo. Unahitaji cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha familia au ukoo unaompendekeza msimamizi, na Fomu Namba 1. Akishateuliwa, msimamizi ana miezi minne ya kurudisha mahakamani orodha ya mali na hesabu ya mgawanyo, Fomu Namba 5 na 6. Mjane au binti aliyeachwa nje ya kikao ana haki ya kuweka pingamizi kabla ya uteuzi. Hata baada ya uteuzi anaweza kuomba msimamizi asiyewasilisha hesabu aondolewe. Shauri la namna hii msaidizi wa kisheria anaweza kukuandalia vizuri mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa sehemu kubwa ni karatasi.

Hatua ya tatu: karatasi zako

Barua ya utambulisho kutoka kwa mwenyekiti au mtendaji wa mtaa au kijiji, ikisema unaishi hapo na hali yako ya kipato ni duni. Unaingia, "Shikamoo mwenyekiti," unaeleza shida kwa kifupi. Huna haja ya kumsimulia kesi yote, hasa kama mpinzani wako ni jamaa yake. Akisita kuandika, omba barua kwa mtendaji wa kata.

Ongeza kitambulisho cha NIDA au namba yake, na nakala za kila kitu: mkataba, risiti, hati ya mauziano, picha, jumbe za simu, hati ya mashtaka, hukumu. Peleka nakala, halisi zibaki nyumbani. Kisha andika ukurasa mmoja wa matukio kwa tarehe, kuanzia la zamani. Si insha. "Januari 2019: baba alifariki. Machi 2019: kikao cha ukoo, mimi sikuitwa." Mtoa huduma mwenye watu ishirini nje ya mlango atakuelewa kwa dakika tano, na wewe hutasahau la maana.

Hatua ya nne: pa kwenda

Mlango wa serikali ulio karibu zaidi ni ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri yako, iwe Jiji la Arusha, Meru, Arusha DC, Manispaa ya Moshi, Moshi Vijijini, Hai au Rombo. Uliza swali moja: "Wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa katika kata yangu ni nani?" Maafisa maendeleo ya jamii ndio wanaobeba shughuli za usajili wa huduma hizi ngazi ya wilaya, kwa hiyo orodha inapaswa kuwepo. Wakikuambia haipo, waombe wakuelekeze ofisi ya mkoa.

Arusha ina Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki, jengo ambalo limeweka ngazi kadhaa za mahakama mahali pamoja. Ukifika, usiulize wapita njia nje ya geti. Ingia, nenda dawati la mapokezi, uliza watoa msaada wa kisheria. Kwa mashirika, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kina ofisi Arusha, na vivyo hivyo Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania, maarufu kama TAWLA. Kwa Moshi, shirika la KWIECO limekuwa likisaidia wanawake wa Kilimanjaro tangu mwaka 1987, na masuala ya ardhi, ndoa na mirathi ndiyo mkate wao wa kila siku. Chama cha Mawakili Tanganyika nacho kina matawi kanda hizi, na wanachama wake hujitolea.

Kuna pia huduma za msimu. Wiki ya Sheria huja kila mwaka kuanzia mwishoni mwa Januari hadi mwanzoni mwa Februari, mahakimu na mawakili wakitoa elimu na ushauri bure. Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyozinduliwa 2023, imekuwa ikizunguka mikoani hadi vijijini. Nenda ukiwa na karatasi zako. Ila usikae ukingoja kampeni ifike kijijini kwako kama siku zako 30 zinahesabika.

Sasa, tahadhari. Nje ya mahakama na vituo vya polisi kuna vishoka: watu wenye bahasha na suti, wanaojiita mawakili au "wa ndani". Ukitaka kujua kama mtu ni wakili, mwulize jina lake kamili na namba ya uwakili, kisha hakiki kwenye mfumo wa mtandaoni wa Mahakama, e-Wakili. Msaidizi wa kisheria hamwakilishi mtu mahakamani na hapaswi kukutoza kwa ushauri wake. Akidai "hela ya kufungua faili" mfukoni mwake, ripoti kwa msajili msaidizi. Akidai ya hakimu, piga 113, TAKUKURU, nayo haikatwi salio.

Kesi za jinai: hapa soma polepole

Kwanza tuondoe mkanganyiko unaowaponza wengi. Wakili wa Serikali anayesimama mahakamani ni wa upande wa mashtaka. Hakuja kumtetea ndugu yako, na usimpelekee siri za kesi. Anayemtetea mshtakiwa kwa fedha za umma ni wakili wa kujitegemea aliyepangiwa na mahakama.

Kwa mauaji na uhaini, kesi zinazosikilizwa Mahakama Kuu, mshtakiwa asiye na wakili hupangiwa mmoja na kulipiwa. Wakili huyo kwa kawaida huonekana kesi ikishafika Mahakama Kuu, iwe Arusha au Moshi. Kabla ya hapo, mshtakiwa atakuwa akipelekwa mahakama ya chini na kurudishwa rumande huku upelelezi ukiendelea. Mahakama hiyo haina mamlaka ya kusikiliza kesi yenyewe, na mauaji hayana dhamana. Familia huona miezi inakatika bila kitu na kuanza kuuza ng'ombe, wakati mwingine shamba, kumlipa mtu aliyeahidi "kumtoa". Kwa maoni yangu, pesa ya hatua hiyo ni bora itumike kumtembelea, kuandika majina ya mashahidi wake na kuhifadhi ushahidi wa alipokuwa. Wakili wa kupangiwa akifika hukutana na mteja mara chache. Akikuta familia imeandaa hayo, kazi yake inabadilika kabisa.

Pengo kubwa liko kwingine. Unyang'anyi wa kutumia silaha hauna dhamana, adhabu yake inaanzia miaka 30, lakini husikilizwa mahakama za chini, ambako wakili hapangwi moja kwa moja. Ubakaji nao unaanzia miaka 30. Kijana wa miaka 20 anaweza kujitetea mwenyewe mbele ya mashahidi sita wa Jamhuri. Jambo hili limeshazungumzwa hapahapa kwetu: tarehe 20 Novemba 2015, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha iliamua kwamba mfungwa wa Gereza la Karanga, Moshi, aliyehukumiwa miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, alinyimwa usikilizwaji wa haki, mojawapo ya sababu ikiwa kutopewa wakili bila malipo. Miaka miwili baadaye ikaja sheria ya 2017.

Sheria hiyo inampa hakimu au jaji nafasi ya kuagiza mshtakiwa apewe msaada pale haki inapohitaji na uwezo hana. Lakini usitegemee hakimu akukumbuke. Omba, na omba mapema, kabla shahidi wa kwanza hajaanza kutoa ushahidi. Mshtakiwa anaweza kusimama na kusema: "Mheshimiwa, sina uwezo wa kuweka wakili. Kosa ninaloshtakiwa lina adhabu kubwa. Naomba mahakama iamuru nipatiwe msaada wa kisheria, na ombi langu liandikwe kwenye mwenendo wa shauri." Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo yenye nguvu. Ombi likikataliwa, kumbukumbu yake itakuwepo wakati wa rufaa.

Siku hiyohiyo familia iwasilishe barua kwa Hakimu Mfawidhi. Inaweza kuwa fupi hivi:

"YAH: OMBI LA MSAADA WA KISHERIA, SHAURI LA JINAI NA. … LA MWAKA … Mimi ni mama mzazi wa mshtakiwa katika shauri tajwa hapo juu. Mwanangu yupo mahabusu, hana kazi wala mali. Mimi ni mkulima mdogo na sina uwezo wa kumlipia wakili. Naambatanisha barua ya Serikali ya Mtaa inayothibitisha hali yetu. Kwa kuwa kosa hili lina adhabu ya miaka 30, naomba mahakama yako tukufu iagize apatiwe msaada wa kisheria kwa mujibu wa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017."

Mpelekee nakala msajili msaidizi na shirika mojawapo kati ya niliyotaja. Kama mtuhumiwa ni mtoto chini ya miaka 18, sema hivyo waziwazi na ambatanisha cheti cha kuzaliwa, kwani watoto wana mahakama yao na ulinzi wa ziada. Aliyeko kituoni au gerezani naye hajafungiwa mlango: sheria inawataka polisi na magereza waweke utaratibu wa kuwafikishia huduma hii. Dhamana ya polisi, kwa kosa linalodhaminika, hailipiwi. Hata shilingi mia.

Na ile Mahakama ya Afrika? Kwa sasa haitakusaidia moja kwa moja. Novemba 2019 serikali ilitoa notisi ya kuondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi na mashirika kuishtaki Tanzania pale, na mwaka mmoja baadaye mlango ukafungwa. Atakayekuchangisha nauli ya wakili ili "twende Mahakama ya Afrika" na kesi mpya, mkwepe.

Ukikaa mbele ya mtoa huduma

Sema ukweli, hata ule unaokuumiza. Kama ulisaini karatasi ya kuuza shamba, sema. Kama ulimpiga, sema. Anayekusaidia akija kugundua kwenye kizimba, kesi imeisha. Kisha uliza mambo yafuatayo bila haya: utaniandikia nyaraka tu, au utasimama mahakamani? Usipoweza kusimama, utanielekeza kwa nani? Nyaraka zitawasilishwa tarehe ngapi? Nikipiga simu nani atapokea?

Majibu mengi yatakuwa ya nusu. Shirika lenye wanasheria wachache litakuandalia maombi na kukufundisha jinsi ya kujieleza, halafu utasimama mwenyewe. Usilichukulie kama dharau. Tangu 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama, na mtu aliyeandaliwa vizuri mahakama ya mwanzo au baraza la ardhi anaweza kujisimamia. Mawakili wenyewe walikuwa hawaruhusiwi mahakama za mwanzo hadi marekebisho ya 2021, na hata sasa ni pale tu panapoongozwa na hakimu mkazi. Nguvu ya wakili wa bure ihifadhi kwa Mahakama Kuu.

Ada za kufungua shauri ni kitu tofauti na malipo ya wakili. Ukiwa huna, omba kusamehewa: sheria ya mwenendo wa mashauri ya madai ina utaratibu wa mtu maskini kufungua shauri bila ada, na ile barua ya mtaa ndiyo ushahidi wako. Nauli na kutoa kopi utabeba mwenyewe mara nyingi. Wa Rombo au Longido apange hilo mapema, maana shauri likiahirishwa mara tatu, nauli ndiyo inayomfanya mtu aache kuhudhuria, na asipohudhuria shauri lake hufutwa.

Ukishinda

Uliza tangu mwanzo kama msaada unafika hadi kukaza hukumu, yaani kuifanya itekelezwe. Hukumu haimwondoi jirani kwenye kihamba wala haimlazimishi mdaiwa kufungua pochi. Asipotii kwa hiari, unarudi mahakama au baraza lilelile lililotoa hukumu na maombi ya kukaza hukumu, ukiambatanisha nakala iliyothibitishwa. Muda wake kwa mashauri ya madai ni miaka 12, lakini mali za mdaiwa hazisubiri kiasi hicho. Kabla hujaondoka mahakamani siku ya ushindi, pitia masjala uandikishe ombi la nakala.